Mvuvi hurudi na ndoo tupu, alfajiri yumo baharini tena: dopamini hufanya kazi gani hasa?

Mwalimu wa Chumbageni

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu hapa Tanga, na wiki hii nimekwama mbele ya wanafunzi wangu kwa namna ambayo siwezi kuiacha ipite hivi hivi. Tulikuwa kwenye mada ya mfumo wa neva. Nilieleza kwamba ujumbe huvuka kutoka seli moja ya neva hadi nyingine kwa kemikali, kisha nikaitaja dopamini na kusema, kama nilivyofundishwa mimi na kama tunavyoisikia kila siku, kuwa hiyo ndiyo kemikali ya furaha: mtu akila kitamu au akipata alichokitamani, ubongo huimwaga, naye akajisikia vizuri.

Binti mmoja anayeishi Sahare akanyoosha mkono. Alisema mjomba wake huvua kwa mshipi, na yeye amemtazama kwa miaka. Siku mjomba anapopeleka samaki wa kuagizwa, ambao bei yake imekubaliwa tangu jana, hupokea fedha, akazihesabu, akazitia mfukoni, na uso wake haubadiliki hata kidogo. Siku anapokaa saa sita juu ya mtumbwi na kurudi na changu watatu wasiotosha kitoweo, hukaa barazani hadi usiku akimsimulia kila apitaye habari za chewa aliyekata mshipi, na kesho yake huwa wa kwanza kuondoka. Akaniuliza: "Mwalimu, kama dopamini ni furaha ya kupata, mbona mjomba wangu huchangamka zaidi asipopata?"

Nilimwahidi jibu siku ya Jumatatu. Naomba msaada wa wanaojua, na naomba msinirahisishie mno, kwa sababu darasa hili hugundua haraka jibu lililopunguzwa.

Daktari wa Ngamiani

Mwalimu, mpe binti huyo pongezi zangu kabla ya kumpa jibu, kwa kuwa alichokiona barazani kwao ndicho kilichowafanya wanasayansi waiache hiyo kauli ya kemikali ya furaha.

Kauli yenyewe ilikuwa na asili yake. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, James Olds na Peter Milner waliingiza waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumwekea wenzo ambao kila akiubonyeza, umeme kidogo hupita kwenye waya ule. Waya ulipokuwa mahali fulani, panya alibonyeza mamia ya mara kwa saa moja. Miaka michache baadaye Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba dopamini ni mjumbe wa kujitegemea katika ubongo, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba njia zinazomfanya panya abonyeze vile zinaitegemea sana dopamini. Ilikuwa rahisi kuunganisha mambo mawili na kusema kwamba dopamini ni raha.

Aliyeligeuza jambo hili ni Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg, Uswisi. Alisikiliza seli moja moja za dopamini katika ubongo wa kati wa nyani. Seli hizi ni chache mno: kwa binadamu ni laki chache tu kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86, ila kila moja hutawanya matawi yake mbali sana. Zikiwa zimetulia hupiga mapigo machache ya umeme kwa sekunde. Nyani alipodondoshewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli zilipiga mapigo mengi kwa mfululizo. Mpaka hapo ungesema ni raha. Lakini Schultz alipotanguliza ishara, kwa mfano taa, kisha tone likafuata, na mambo yakaendelea hivyo mara nyingi, seli zilihamisha mapigo yao: zikawa zinapiga taa inapowaka, na tone lenyewe lilipofika zilibaki kimya kama vile hakuna lililotokea, ingawa nyani aliyanywa maji yale kama kawaida. Na taa ilipowaka halafu tone lisije, seli ziliacha kupiga kabisa katika wakati uleule ambao tone lingefika. Hebu litazame hilo la mwisho, Mwalimu. Hakuna kilichotokea nje, hakuna sauti wala mwanga wala ladha, na bado seli imejua kwamba kuna kitu kimekosekana, tena imejua ni saa ngapi kingepaswa kuwapo.

Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, waliandika kwamba seli hizi hupeleka tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kikizidi matarajio, mapigo huongezeka, kikilingana nayo, hayabadiliki, kikipungua, hukoma. Samaki wa kuagizwa ana bei inayojulikana tangu jana, na fedha zinapofika mkononi hakuna tofauti ya kuripoti. Mshipi ni habari nyingine, kwa kuwa mvuvi hajui ni nani anagusa chambo wala kama atanasa. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Schultz waliwapa nyani ishara zenye uwezekano tofauti wa kupata tone, na wakaona kwamba baada ya ishara baadhi ya seli za dopamini hupandisha mapigo polepole hadi wakati wa tone, na mpando huo ulikuwa mkubwa kuliko wote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, ambapo nyani alikuwa hana hakika kabisa. Wanasayansi wanabishana namna ya kuueleza mpando huo, kwa hiyo usiufundishe kama jambo lililofungwa. Hata hivyo, mjomba aliyeshika mshipi kwa saa sita yumo hasa katika hali hiyo ya nusu kwa nusu.

Mzee wa Mshipi, Sahare

Nimesoma yote mawili na nimeyaelewa, ila naona mmeanzia ubongoni wakati jambo lenyewe huanzia kidoleni.

Nimeshika mshipi tangu ujana wangu. Mshipi haushikwi kwa kiganja. Hupitishwa juu ya kidole cha shahada, ukalala pale kwenye nyama ya ncha, na dole gumba likaugusa kidogo tu. Ukiushusha pima kumi na tano, chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ikifika chini unaihisi, na uzito wake unauhisi kwa muda mfupi. Baadaye uzito huo hupotea. Chubwi ipo, mkondo unavuta, lakini kidole hakisemi lolote. Kisha samaki mdogo kuliko kiganja adonoe chambo huko chini, nami nakuwa nimekwisha kuinua mkono kabla sijafikiri. Vijisamaki hudonoa kama ukucha juu ya ubao. Changu hugusa mara mbili halafu huvuta. Chewa hagusi, chewa hulemea, mshipi ukawa kama umenasa kwenye mwamba, na ukichelewa kidogo ameshaingia pangoni na mwamba unakuwa wa kweli. Yote hayo hunifikia kupitia uzi mmoja. Je, inakuwaje kidole kiusahau uzito wa risasi kisha kisikie mdomo wa samaki?

La pili, Daktari umesema mvuvi hajui. Mimi hujua mengi. Maji ya bamvua si kama maji mafu, na mwamba wa chewa haugeuki kuwa mwamba wa changu. Kadiri miaka inavyokwenda nabahatisha kidogo zaidi. Kama ni kutojua ndiko kunakonirudisha, ningekuwa nimechoka zamani.

Daktari wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Umenirekebisha mahali pazuri, nami nitaanza na kidole.

Mwaka 1926, huko Cambridge, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walining'iniza uzito kwenye msuli wa chura na kusikiliza neva inayotoka humo. Uzito ulipoanza kuvuta, neva ilipiga mapigo mengi. Uzito ulipobaki palepale bila kubadilika, mapigo yalipungua yenyewe. Hiyo ndiyo chubwi yako. Waligundua pia kwamba mapigo ya neva moja yote yana ukubwa uleule, na kwamba uzito ukiongezwa kinachoongezeka ni wingi wa mapigo kwa sekunde. Adrian alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Ndani ya ncha ya kidole kuna vipokezi vya aina kadhaa, na kimoja chavyo ndicho hasa cha mshipi. Kinaitwa kwa jina la Mwitaliano Filippo Pacini. Ukikitazama kwa darubini kinafanana na kitunguu kilichokatwa: maganda juu ya maganda, na katikati ncha ya neva. Ukikikandamiza, maganda huteleza na kuumeza mgandamizo ule, hivyo neva hupiga mwanzoni kisha hunyamaza. Ukiachia, hupiga tena. Werner Loewenstein na mwenzake walimenya maganda hayo katika miaka ya 1960, na neva iliyobaki uchi ikaendelea kuitikia mgandamizo kwa muda mrefu zaidi, ambalo ni jambo linaloonyesha kwamba sehemu ya kule kusahau imejengwa ndani ya maganda. Kipokezi hiki huhisi vizuri zaidi mtikisiko wa mara 200 na kitu kwa sekunde, hata ukiwa mdogo mno. Kwenye utando wa ncha za neva za mguso kuna vijimlango vya protini vinavyofunguka utando unapovutwa. Ardem Patapoutian na wenzake walivitambua mwaka 2010 wakaviita Piezo, naye akapata Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius, ambaye alikipata kipokezi cha ukali wa pilipili na joto.

Mlango ukifunguka, chembe za sodiamu zenye chaji huingia, na pigo la umeme huanza safari. Mzee, nadhani chambo chako ni ngisi. Basi jua kwamba namna pigo hilo linavyosafiri ilijulikana kutokana na ngisi. Ana neva nene ajabu, karibu milimita moja, inayokaza mwili wake arushe maji na kukimbia, wakati nyuzi za neva zetu ni za sehemu za elfu za milimita. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kupitisha waya ndani ya neva hiyo huko Plymouth, Uingereza, mwaka 1939, na mwaka 1952, baada ya vita kuwakatiza, wakaandika hesabu ya jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka. Ukimpasua ngisi kwa uangalifu ukaifuata nyama ya koti kwa upande wa ndani, unaweza kuuona uzi huo kwa macho.

Nyuzi za mguso katika mkono hupeleka mapigo kwa mwendo wa mita 35 hadi 75 kwa sekunde, hivyo habari ya samaki hufika kwenye uti wa mgongo, ikapanda hadi thalamasi, kituo cha kupokezana habari ndani ya ubongo, na kisha gamba la ubongo, katika muda mdogo sana ambao wewe huuhesabu kuwa "kabla sijafikiri".

Sasa la pili, ambalo ni zito zaidi. Mimi niliishia njiani. Tofauti ile ambayo dopamini huripoti haiishii kwenye kumchangamsha mtu, inafundisha. Seli za dopamini humwaga kemikali yao katika eneo la ndani liitwalo straiatamu, ambako seli zinazopokea habari za mahali, mwendo na mguso hukutana. Kiungo cha sinapsi, pale seli moja ya neva inapoipitishia nyingine ujumbe, kilichokuwa kinafanya kazi muda mfupi kabla ya dopamini kufika huimarishwa, na dopamini ikikosekana pale ilipotarajiwa, kiungo hicho hudhoofishwa. Uliinua mkono kwa wakati, changu akapanda: kiungo kikakazwa. Ulichelewa, akaponyoka: kikalegezwa. Kwa hiyo kutojua kwako kumepungua kwa sababu makosa yale madogo yamefanya kazi yao miaka yote. Na bahari haiishiwi na jambo ambalo hujalitarajia, hata kwa mtu wa umri wako. Angalia pia kwamba kidole chako na ubongo wako wa kati vinafuata desturi moja: kisichobadilika hakiripotiwi.

Muuguzi wa Makorora

Naomba niingie, kwa kuwa nahudumia vijana wanaoacha heroini na ninaliona jambo hili kwa sura yake chungu.

Wengi huniambia kwamba unga haujawapa raha kwa muda mrefu. Wanausema waziwazi, wengine kwa machozi, kisha kesho wanautafuta. Ndugu zao hudhani wanadanganya. Hawadanganyi. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliharibu karibu dopamini yote ya panya, wakawatia sukari mdomoni: panya walilamba midomo kwa kuburudika kama kawaida, lakini wakiachwa peke yao hawakukifuata chakula, na wangekufa njaa wasingelishwa. Kutamani na kuburudika vina njia tofauti ubongoni. Dopamini hushughulika zaidi na kutamani. Kuburudika kwenyewe hutegemea zaidi kemikali za jamii ya afyuni ambazo ubongo hujitengenezea, tena katika sehemu ndogo ndogo.

Dawa za kulevya huongeza dopamini bila kujali kilichotarajiwa, kwa hiyo kila mara ubongo hupokea taarifa kwamba kimepatikana zaidi ya matarajio, hata pale mtumiaji mwenyewe anapojisikia vibaya. Kila kilichokuwa karibu wakati huo hufundishwa kuwa ishara, kama ile taa ya nyani. Kijana mmoja hawezi kusikia kiberiti kikiwashwa nyuma yake bila jasho kumtoka. Amekaa miezi bila kutumia, na bado kiberiti.

Kwa sababu hiyo naiheshimu methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, ambayo huduma yake kwa nchi yetu ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Watu hulaumu kwamba tunambadilishia mtu ulevi kwa ulevi. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, hupanda polepole na hudumu zaidi ya siku moja, hivyo hakuna kule kupanda kwa ghafla kunakoufundisha ubongo, wala kule kushuka kunakomtesa mtu. Dozi ya leo ni kama ya jana. Nikisoma maelezo ya Daktari, naona kwamba ubora wake mkubwa ni kutokuwa na jambo jipya.

Mama wa Mabawa

Nami nina swali, na si la darasani. Mwanangu anabeti na pia huingia kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu. Nikimuuliza, hanisimulii alizoshinda, hunisimulia alizokaribia kushinda. Nikisoma habari za chewa aliyekata mshipi nimepata hofu. Je, mwanangu na mzee wa Sahare wana tofauti gani?

Daktari wa Ngamiani

Mama, hofu yako ina msingi, na tofauti ipo.

Kufanana kwao ni huku: mwaka 2009 Luke Clark na wenzake walipima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa mashine ya namna hiyo, wakaona kwamba kukaribia kushinda kuliamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na kuliwaongezea hamu ya kuendelea ingawa waliona jambo hilo si la kupendeza. Jingine linaloonyesha kwamba dopamini imo ndani ya jambo hili ni kuwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ambao seli zao za dopamini hufa na hupewa dawa zinazoiga dopamini, huanza kucheza kamari kupita kiasi katika umri mkubwa, na hupata nafuu dawa ikipunguzwa au kubadilishwa.

Tofauti, kwa maoni yangu, imo katika kile kinachoweza kufundishwa. Chewa akikata mshipi, mzee anajua alichelewa, au mshipi ulikuwa mwembamba, au mwamba una makali, na kesho anarekebisha. Mashine haina mwamba. Namba za awali hazina uhusiano na zijazo, kwa hiyo ubongo hupelekewa kosa baada ya kosa, ukijitahidi kujifunza kanuni ambayo haimo. Usimwambie kijana kwamba hana akili. Ni uwezo wake uleule wa kujifunza ndio unaotumiwa. Mbali na maneno, msaidie akae mbali na ishara zenyewe: njia anayopita, saa anayopokea mshahara, programu iliyo kwenye simu. Na akikubali, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili mapema, kabla ya madeni.

Mwalimu wa Chumbageni

Nimerudi. Jumatatu imepita, nami nawashukuru.

Nilianza kwa kukiri mbele ya darasa kwamba nilichosema wiki iliyopita kilikuwa pungufu. Kisha, kwa kumfuata mzee, nilileta uzi wa mshipi na chubwi ndogo. Kila mwanafunzi alifumba macho, uzi ukapita juu ya kidole chake cha shahada huku chubwi ikining'inia nje ya dawati, na akaagizwa aseme pale ambapo uzito umeacha kumshughulisha. Walitofautiana sana, wapo waliosema upesi, na mmoja alisisitiza kwamba anauhisi bado. Baadaye mwenzake aliugusa uzi kwa unyoya wa kuku, na hapo hawakutofautiana: karibu wote walishtuka mkono, wengine wakacheka. Nilichora kile kitunguu ubaoni baada ya hapo, na sikuhitaji kusema mengi.

Habari ya taa na tone la maji niliieleza kwa mchoro, na yule binti alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani ameridhika. Kengele ilipokaribia akauliza: "Na samaki je? Yule chewa aliyekata mshipi wa mjomba naye alitarajia ngisi akakuta ndoana. Naye hujifunza?" Nilimwambia kwamba samaki nao wana dopamini na kwamba viumbe wengi wenye uti wa mgongo hujifunza kwa ishara, lakini kwamba kuhusu chewa wa Sahare ningemuuliza mtu anayewafahamu. Mzee, shikamoo. Nimetumwa.

Mzee wa Mshipi, Sahare

Marahaba mwanangu. Mwambie hivi. Changu akiponyoka na mdomo uliochanika, mahali pale sirudishi ngisi siku hiyo wala siku ya pili. Hata nikiona kundi lipo, chambo kitashuka na kupanda kizima. Nikibadilisha nikaweka kamba, huguswa. Chewa mkubwa wa mwamba wa nje nimemkosa mara tatu kwa miaka miwili, na mara ya tatu hakulemea kama kawaida yake. Alidonoa kwanza, taratibu, kama changu. Nilimwinulia mkono wa changu, akaondoka na chambo.